Likizo ni Shule ya Nani?



Kila mwaka shule zetu hufungwa kwa siku nyingi katika mwezi wa Juni, na tena katika mwezi wa Desemba. Siku hizo zikaribiapo, hapa Nyamwaga wazazi hukaa jioni wakishauriana: huyu aende kwa bibi yake, yule aende kwa mjomba wake Musoma, na huyu abaki achunge ng'ombe. Mashauri hayo huwa ya nauli, na chakula, na kazi. Ni mara chache tumemsikia mzazi akiuliza: Je, mtoto wangu atajifunza nini huko aendako, na ni nani atakayemfundisha? Swali hilo ndilo tutakalo kulichungua leo. Maana watu wengi hudhani ya kuwa shule ikifungwa, basi kufundishwa kwa mtoto nako kumefungwa. Sivyo hata kidogo.

Katika nchi za Marekani na Uingereza wako wazazi ambao hawawapeleki watoto wao shuleni kabisa. Huwafundisha wenyewe nyumbani, na sheria za nchi hizo zawaruhusu. Wazazi hao huihesabu safari ya jamaa yote kuwa ni sehemu ya masomo. Wakienda pwani, watoto hujifunza habari za maji kupwa na kujaa. Wakienda mji wa kale, hujifunza habari za wafalme waliopita. Na nauli walipayo huwa ndiyo hesabu yao ya siku ile. Huko Ujerumani, nchi ya Luther, sheria haikubali jambo hilo, bali kila mtoto sharti aende shule. Nasi hapa Tanzania tunayo Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, itakayo mtoto aandikishwe shule ya msingi na kuhudhuria mpaka amalize. Hatusemi basi kwamba Wakristo wawatoe watoto wao shuleni. La, hasha.

Lakini na tuukumbuke mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali ilitangaza tarehe 17 Machi kwamba shule zifungwe, na shule za msingi hazikufunguliwa tena mpaka tarehe 29 Juni. Kwa muda wa miezi 3 na zaidi watoto wote wa nchi hii walikuwa watoto wa kufundishwa nyumbani, wazazi wao wapende wasipende. Tulipokuwa tukiwatembelea watu wa usharika siku zile, tuliona tofauti kubwa. Katika nyumba moja mtoto alikuwa amejua kulipima shamba kwa hatua, na kuyataja majina ya babu zake hata kizazi cha saba. Katika nyumba ya pili, mtoto wa umri ule ule alikuwa amejifunza kucheza karata kwa fedha nyuma ya duka. Wote wawili walikuwa wamefundishwa. Tofauti yao ilikuwa katika mwalimu tu.

Ni nani basi aliyewekwa na Mungu kuwa mwalimu wa mtoto? Sisi Walutheri hatuna udhuru wa kusema hatujui. Mwaka 1529 Martin Luther alipoitoa Katekisimo Ndogo, aliandika juu ya sehemu zake kwamba haya ndiyo yampasayo mwenye nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Hakumtaja mchungaji kwanza, wala mwalimu wa shule, bali mwenye nyumba. Tena Musa, katika sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati, awaagiza wazazi wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu wakiwa nyumbani, na wakiwa safarini pia. Tazama, njia imetajwa pamoja na nyumba. Mwalimu wa shule tumemkabidhi kazi, wala hatukumkabidhi mtoto. Mtu akimwajiri kijana amchungie ng'ombe wake, ng'ombe hawawi mali ya kijana yule. Na mmoja akipotea, mwenye zizi ndiye atakayelia.

Yuko atakayetujibu hivi: Mwacheni mtoto apumzike. Amekaa darasani miezi mingi. Je, hata siku zake za kupumzika mtazigeuza kuwa masomo? Jibu hilo lina haki ndani yake, wala hatulidharau. Tumewaona wazazi ambao, kwa kuwapenda watoto wao, huwafungia ndani likizo nzima na vitabu vya mitihani, hata mtoto huiona Januari kama mahali pa kukimbilia. Hilo si jambo tunalolitaka.

Lakini na tulitazame neno lenyewe. Neno letu "shule" tulilipata kwa Wajerumani walipoitawala nchi hii. Nao walilirithi kutoka Kilatini, na Kilatini kililitwaa kutoka Kiyunani. Na katika Kiyunani cha kale maana yake ya kwanza si madawati wala kengele. Maana yake ni wasaa, yaani nafasi ya mtu aliyetua mzigo wa kazi, akakaa na wenzake kusikiliza na kuuliza. Watu wale waliona ya kuwa mtu hujifunza mambo makubwa anapokuwa na nafasi. Basi kupumzika na kujifunza si maadui. Ni ndugu waliotenganishwa, na likizo yaweza kuwakutanisha. Mtoto akiwa njiani pamoja na baba yake hapewi mtihani. Hupewa nafasi ya kuuliza, na mtu wa kumjibu.

Mfano ulio bora kupita yote tunao katika Injili ya Luka, sura ya 2. Yusufu na Mariamu walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, pamoja na jamaa na majirani. Hiyo ilikuwa safari ya jamaa, tena safari ya furaha. Yesu alipokuwa na miaka 12 alikwenda nao, na huko wakamkuta Hekaluni katikati ya waalimu, akisikiliza na kuuliza. Twapenda kulihubiri jambo hilo kwa sifa ya Mtoto. Lakini liko na neno la onyo kwa wazazi: walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo msafarani, kumbe hayumo. Hata wazazi wema waweza kutembea siku nzima wasijue mtoto alipo. Walimdhani yuko pamoja na jamaa. Neno hilo "yuko pamoja na jamaa" na tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

Kwanza na tuone jinsi nchi yetu ilivyojaa masomo kwa yeyote aendaye na mtoto. Mwaka mmoja katika likizo ya Juni tuliwachukua watoto wetu tukaenda Butiama. Kwa desturi yetu tulikuwa tunataka kuwanyamazisha garini, lakini safari ile tuliazimia tusimnyamazishe mtoto yeyote aulizaye. Tulipofika daraja la Kirumi, mmoja akauliza maji yale yatoka wapi. Tukamwambia ya kuwa Mto Mara huanza katika milima ya Mau huko Kenya, ukapita Masai Mara na Serengeti, ukaja kupita katika wilaya yetu, na kuingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma, mwendo wa kilomita 395 hivi. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi tukitupa uchafu kule kwetu, baba, hawa wavuvi watauonja." Tumehubiri mara nyingi juu ya kumpenda jirani, lakini hatujui kama aliwahi kufahamu hivyo kanisani. Mto ulimfundisha ya kuwa jirani yako aweza kuwa mtu usiyemwona kamwe, akaaye chini yako katika mkondo.

Huko Butiama walisimama mbele ya kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa kijijini hapo mwaka 1922, na kuzikwa hapo mwaka 1999. Mtoto mmoja akauliza mbona mkubwa kama huyu hakuzikwa katika mji mkubwa. Hatukumjibu upesi. Tulimwambia kwamba Mwalimu alikuwa mtoto wa Burito, mtemi wa Wazanaki, naye hakuingia shule mpaka mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipopelekwa Mwisenge, Musoma. Kabla ya hapo mwalimu wake alikuwa nyumba ya baba yake na watu wa kijiji chake. Hata mwaka 1967, alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, aliilaumu elimu imtengayo mtoto na watu wake, na kumfanya adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Mtu wa namna hiyo asingeona haya kuzikwa nyumbani. Mtoto yule amelishika jambo hilo hata leo, ingawa hatukumwandikia daftarini.

Na wale wenye ndugu ng'ambo ya Sirari wana somo lao. Mtoto avukapo kwenda kwa jamaa zake Kenya, akasikia Kikuria kile kile na kuyakuta majina yale yale, hana budi kuuliza mpaka ule umetoka wapi. Aambiwe kwamba mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya mstari upitao mpaka pwani ya mashariki ya Ziwa Viktoria, wala hakuna Mkuria aliyeulizwa. Kisha aambiwe ya kuwa sisi leo twazitii sheria za nchi zote mbili, na kwamba mstari juu ya ardhi haukuweza kuufuta udugu. Hapo amejifunza historia na jiografia, na neno la maisha pia.

Mtu asiseme: Sina fedha, mambo hayo ni ya wenye magari. Safari ya kwenda mnadani kwa miguu ina hesabu ndani yake, na adabu ya kuuza na kununua kwa haki. Wala asiseme: Mimi sikusoma, nitamfundisha nini mtoto wa darasa la sita? Tumemwona mzee asiyejua herufi hata moja akimfundisha mjukuu wake kuutambua mti wa dawa, kuichagua mbegu ya mtama, na kumjua ng'ombe mgonjwa kwa jinsi asimamavyo. Asiyejua kusoma aweza kumwambia mtoto: Nisomee kibao hiki cha njiani, nami nitakuambia ni nani waliokaa mahali hapa zamani. Hapo kila mmoja amekuwa mwalimu wa mwenzake, wala hakuna aliyeaibika.

Sasa imetupasa kusema neno zito, maana tukiliacha, hayo yote tuliyoyasema yatakuwa mapambo tu.

Mwaka fulani, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tuliwaita mbele ya madhabahu watoto wa kipaimara waliokuwa tayari kusafiri kwa likizo, tukawaombea safari njema. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka 12, hodari wa kuuliza. Hakuna somo alilolipitisha bila swali. Alikuwa anakwenda kumsalimu bibi yake. Januari aliporudi, alikaa benchi la nyuma, wala hakuuliza neno tena. Mama mchungaji ndiye aliyeambiwa siri: alikuwa amekeketwa. Wazazi wake ni Wakristo, nao walijua. Nasi tuliiombea safari ile kwa sauti kuu, wala hatukuuliza hata neno moja: Unakwenda kwa nani, na kuna nini huko? Tulitosheka kujua ya kuwa yuko pamoja na jamaa.

Wasomaji wetu wa Tarime na Serengeti wajua ya kuwa Desemba kwetu ndio mwezi wa jambo hilo, kwa sababu ndio mwezi ambao watoto wana nafasi. Hesabu ya serikali ya mwaka 2015 hadi 2016 ilionyesha kwamba katika Tanzania nzima wanawake 10 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Katika mkoa wetu wa Mara walikuwa 32 katika kila 100. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo. Wala hakuna faida kumvusha mpaka, maana Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2011. Masista wa Kikatoliki wa Masanga huwapokea wasichana wanaokimbia katika majira hayo, na huko Mugumu iko Nyumba Salama iliyofunguliwa mwaka 2014. Twamshukuru Mungu kwa nyumba hizo. Lakini ni aibu kwetu Wakristo kwamba mtoto wa likizo alazimika kukimbia nyumbani kwao ili awe salama.

Na tulifikiri jambo hilo kwa utulivu. Bibi yule hakuwa mtu aliyependa kumtesa mjukuu wake. Alidhani anamfundisha kuwa mwanamke. Alikuwa ameiandaa siku yake kwa miezi mingi, kwa nyimbo, na zawadi, na ndugu wengi, na maneno ambayo mtoto hatayasahau mpaka kufa. Sisi, kwa upande wetu, tulikuwa tumemwandalia nini mtoto yule kwa Desemba? Hatukumwandalia kitu. Watu wa mila wameijua siri ya likizo kuliko sisi. Wao wamejua tangu zamani ya kuwa mtoto aliye na nafasi ndiye mtoto afundishikaye, wakaishika nafasi hiyo. Sisi tumeiacha tupu, tukaiita mapumziko. Na Bwana wetu alitufundisha ya kuwa nyumba iliyofagiwa na kuachwa tupu haikai tupu.

Kwa hiyo kosa si kwamba mtoto alikwenda kwa bibi. Tusije tukawatenga watoto na wazee wao. Hilo nalo lingekuwa kuwakata mizizi. Bibi yule yule anazo hadithi, na mbegu, na maarifa ya kulea mtoto mchanga, ambayo shule haina. Kosa ni kwamba mtoto alikwenda na mzazi hakwenda naye, wala kwa miguu wala kwa moyo. Mzazi aliye karibu humsaidia mtoto kupokea lililo jema, na kulikataa lililo baya, tena kwa heshima. Mzazi asiyekuwapo amekwisha kutoa ruhusa, hata kama hakufungua kinywa. Twajua ya kuwa kukataa kuna gharama: wako wanaotishwa kwa laana, na wako wanaochekwa na rika lao kwamba binti yao hataolewa. Hatusemi ni jambo rahisi. Twasema ni jambo la mzazi, na mzazi hawezi kumwachia mtoto wa miaka 12 abebe mzigo huo peke yake.

Basi twaleta mashauri machache, kwa wazazi na kwa wainjilisti wetu.

Mtoto asipelekwe likizo mahali ambapo mzazi hajui ni nani watakaomfundisha. Ikiwezekana, mzazi aende naye, hasa Desemba. Na asipoweza, amkabidhi kwa mtu aliyemjua kwa matendo, si kwa ukoo tu.

Njiani mtoto apewe ruhusa ya kuuliza. Mzazi asiyejua jibu aseme: Sijui, twende tukamwulize fulani. Neno hilo halimwondolei baba heshima, bali laongeza. Mtoto aliyezoea kumwuliza baba yake habari za daraja na mto, siku moja atamwuliza pia habari ya jambo limtishalo. Na yule aliyezoea kunyamazishwa, siku hiyo atanyamaza.

Tena arudipo, asikilizwe. Wainjilisti wafanye Jumapili moja ya Januari kuwa siku ya watoto kusimulia waliyoyaona. Na ikiwa mmoja wao amenyamaza, mtu amwendee polepole ajue sababu.

Sisi nasi tumeibadili sala yetu. Bado twawaita watoto mbele ya madhabahu kabla ya likizo, bado twawaombea safari njema. Lakini kabla ya kuomba huwauliza wazazi wao, mbele ya usharika wote: Mtoto huyu anakwenda wapi, na ni nani kati yenu atakayekwenda naye? Mwanzoni wako waliochukizwa na swali hilo. Sasa wako wanaokuja wakiwa na jibu tayari.

Mtu akituuliza basi, likizo ni shule ya nani, twajibu: Ni shule ya yule aendaye na mtoto njiani. Mungu atupe sisi wazazi miguu ya kwenda nao, na masikio ya kuwasikiliza, ili Januari ifikapo warudi wote, na maswali yao yangali midomoni mwao.